Lupango Moja, Nchi Tano

Kwetu Shituru, mu muji ya Likasi, siku inaanza na ndoo. Mayi inatoka mu robinet saa kumi na moja ya asubuhi, saa moja imeisha. Mwenye analala atanawa na mate. Courant, ule umeme, nayo ni vile. Barrage ya Mwadingusha, kwenye banaifanya, haiko mbali, fil inapita juu ya manyumba yetu, lakini sisi tunapika na makala. Tumezoea.

Minye naitwa Yannick. Mwaka yenye ilipita nilipata diplôme d'État, ya kumaliza sekondari. Banaitaka ile diplôme mulango. Bon, tangu nipate mulango, niko nasimama tu ku mulango. Naamka, nachota mayi, naenda mu muji, narudia. Mama yangu, Aimée, anauzisha samaki ya kukauka yenye inatoka ku ziwa Tshangalele. Anatoka mapema, anarudia na miguu ya kuvimba. Baba alishakufa. Mu nyumba nabakia na nkambo Rosalie, mama ya baba. Eko na myaka makumi munane na mbili. Masikio yake inasikia muzuri kuliko yangu, lakini ukimuita juu ya dawa yake, hasikie.

Nkambo njo anawashaka moto. Mbabula yetu, ile jiko ya makala, inakaa mbele ya mulango. Na kila asubuhi Mama Colette, jirani, anakuya na kijiko ya chuma kuomba moto. Ni desturi yetu: kama jirani ameisha kuwasha, haupoteze kiberiti. Unachukua makala mbili ya mwekundu, unasema aksanti, unaenda.

Mama Colette alitumikaka myaka makumi tatu na moja ku commune, ku bureau ya population, kwenye banaandika batu ya muji. Leo eko retraite, kazi iliisha. Lunette, ile miwani yake, imefungwa na uzi. Akiona mukanda yoyote, ni kusema karatasi ya kuandikwa, hata ile yenye banafungia karanga, lazima asome.

Sasa, ile siku ya kwanza ya juma, bwana moja aliingia mu lupango yetu, kiwanja yenye tunakalia. Alikuwa na veste, viatu ya kung'aa, na mètre mu mukono. Hakusema jambo. Alianza kupima kikuta.

Nilimuuliza: "Papa, unapima nini?"

"Napima lupango ya baba yangu."

"Ya baba yako? Hapa?"

"Hapa. Avenue hii, numéro hii. Naitwa Rémy Kabedi. Baba yangu alipewa hii lupango mu 1969. Niko na mukanda. Siku ya ine, saa tatu, chef ya quartier anawangoja. Mukuye na mikanda yenu. Kama muko nayo."

Nkambo alikuwa pale, anapepea moto. Hakusimama.

"Mwana," alisema, "kwenu hamufundishwe kusalimia muntu muzee?"

Yule bwana alisimama kidogo. Akaonekana na haya. "Jambo, mama."

"Jambo. Sasa pima. Kikuta haitakimbia."

Alipima, akaenda. Ile kikuta, bwana ya nkambo njo aliijenga, tofali moja moja, kila siku ya mungu baada ya misa. Miti ya avocat, ile parachichi ku mulango, yeye njo alipanda. Baba yangu alizaliwa mu chumba ya nyuma. Kama tunapoteza hii lupango, hatuna ingine. Nkambo atalala wapi? Yeye aliendelea kupepea na lupepeo, hata moto ilikuwa imeisha kuwaka.

Mama alirudia mangaribi. Tulimuambia. Alikaa juu ya ndoo ya samaki na viatu yake yote.

"Mama mukwe, tutosheni mikanda," alisema.

Nkambo alienda chini ya kitanda, akatosha boîte ya biscuit ya zamani. Ndani kulikuwa mikanda tano. Nilisoma, kichwa ikazunguka.

Ya kwanza ilikuwa kitabu kidogo, livret de logeur, ya 1959. Livret ni mukanda yenye bazungu balipatia muntu kuonyesha lupango yenye anakalia. Juu iliandikwa Congo Belge, Jadotville. Ya pili, reçu ya kodi ya 1961: État du Katanga, Jadotville. Ya tatu, ya 1967: République Démocratique du Congo, Likasi. Ya ine, fiche ya lupango ya 1978: République du Zaïre, Région du Shaba. Ya tano ilikuwa acte de décès, mukanda ya kufa ya nkambo mwanaume, ya 1999: tena République Démocratique du Congo, Province du Katanga.

Na jina? Mu ile tatu ya mbele, jina ilikuwa Banza, kisha pembeni shimo. Karatasi ilikwanguliwa mpaka ikakuwa nyepesi kama ganda ya kitunguu. Mu ile mbili ya nyuma, jina ilikuwa Banza Mitonga.

"Nkambo, nani alikwangula hapa?"

"Nkambo yako mwenyewe. Na wembe."

"Juu ya nini?"

"Eh, mwana. Ni mambo ya zamani. Leka nilale."

Minye sikulala. Niliwaza: nchi tano, hata kama Congo ilirudia, majina mbili, mashimo tatu. Chef, mukubwa ya mutaa, akiona hii atacheka. Atasema hii ni mikanda ya wizi. Tena mama asubuhi alisema kintu yenye iliniuma: "Diplôme yako ile, siku ya ine itatusaidia nini?"

Njo vile nilienda kwa Steve.

Steve eko na machine ya photocopie nyuma ya soko. Kila muntu anajua Steve anafanya nini zaidi ya photocopie. Niliweka mikanda tano mbele yake.

Alicheka. "Petit, hii ni musée! Nchi ngapi hapa?"

"Tano."

"Chef anapenda moja. Minye nitakupatia mukanda moja, ya propre. Livret ya 1959, jina moja, hakuna shimo. Banza Mitonga, sawa ku acte de décès."

Sikuwa na feza. Nilimuachia téléphone yangu. Aliandika ku ordinateur, akatosha karatasi, kisha akamimina chai ya rangi mu sahani. Alilaza karatasi ndani, akaianika juu ya tole, ile bati. "Chai inazeesha," alisema. Kisha akapiga tampon ya violet, kama muhuri ya leta, ya serikali. Nikaona ni muzuri. Nawaambia ukweli, nilifurahi.

"Na hii ya zamani?" niliuliza.

"Choma. Ukikuwa na mikanda ya namna mbili, moja itashitaki ingine."

Kesho yake asubuhi, siku ya tatu, mama alikuwa ameisha kuenda ku soko. Nkambo alikuwa anaoga. Makala ilikuwa mwekundu. Nilitosha ile mikanda tano mu boîte, nikaiweka pembeni ya mbabula. Mukono ilikawia. Niliangaria ile shimo ya wembe. Niliona kama jicho.

"Jambo hapa! Munipatie moto!"

Mama Colette, na kijiko yake.

"Chukua, mama, chukua," nilisema mbio mbio, nikakalia mikanda. Lakini nilikawia. Yule mama myaka makumi tatu na moja aliona batu banakalia mikanda.

"Yannick. Unakalia nini?"

"Bintu bya bure, mama."

"Bintu bya bure hautoki jasho juu yake. Simama."

Nilisimama. Aliinama, akafuta lunette na kitenge, akasoma ya kwanza. Kisha ya pili. Kijiko na moto yake aliisahau chini.

"Unachoma Congo Belge na mukono yako, weye?"

Nilimuambia yote. Rémy Kabedi, siku ya ine, aibu, Steve. Na nikamuonyesha mukanda mupya, ile ya chai. Nilingoja aseme Steve ni fundi.

Alisoma kwa sauti: "République Démocratique du Congo. Province du Haut-Katanga. Ville de Likasi. Mwaka 1959." Akaniangaria juu ya lunette. "Uko na diplôme?"

"Iko, mama."

"Uliisomea wapi, ku mwezi? Mu 1959 hii nchi ilikuwa ya nani?"

"Ya... ya Babelge."

"Basi République inatoka wapi? Na muji? Mu 1959 hakuna mukanda ya leta yenye iliandika Ville de Likasi. Banaandika Jadotville, jina ya mukubwa moja ya Babelge. Jina ya Likasi ilirudia mu 1966. Na Province du Haut-Katanga? Mu 2015, mwana! Weye ulikuwa ku école primaire. Hii mukanda ilizaliwa mbele ya mama yake."

Nkambo alitoka, nguo ya kuoga ku mabega. Aliona mikanda pembeni ya moto. Hakunitukana. Ingekuwa muzuri anitukane. Alikaa chini, akaokota moja moja, akaipangusa na kiganja.

"Nkambo, unisamehe," nilisema.

"Bwana yangu alichukua wembe," alisema polepole, "mujukuu anachukua moto. Ni woga ile ile."

Mama Colette alitandika kitenge yake chini. Alisema: "Mama Rosalie, tupange hii bintu mu musitari. Na utuambie. Weye ulikuwa pale."

Nkambo alianza. Na hakuanza na livret.

"Nkambo yangu minye alizaliwa wakati ya Mwami Msiri, wa Bayeke. Batu ya huku balikuwa banayengesha shaba mu moto, banafanya croisette, ile misalaba ya shaba, banapeleka ku Bunkeya. Yeye Msiri alikuwa mugeni pia, baba yake alikuya juu ya biashara toka upande jua inatokea. Kisha bazungu balikuya, balimuua mu 1891. Bakapandisha bendera ya buluu, nyota moja."

"Ile ilikuwa nchi ya mufalme Léopold," Mama Colette alisema. "Yannick, sikia muzuri. Congo muzima ilikuwa lupango ya muntu mumoja. Mu 1908 aliiachia Belgique."

"Njo tulizaliwa mu ile," nkambo alisema. "Mu 1959 Mathieu alinioa. Alikuwa anatumika ku usine ya shaba. Balimupatia hii livret. Alikuya nayo anakimbia, aliinua juu, akaniambia: Rosalie, hautalala tena ku nyumba ya batu! Hapa kulikuwa paka majani tu."

Aligusa reçu ya 1961. "Indépendance ilikuya, siku makumi tatu ya mwezi wa sita, 1960. Tulicheza. Siku kumi na moja kisha, banatuambia Katanga ni nchi ya peke yake. Bendera ingine, feza ingine, ilikuwa na croisette juu yake. Mathieu alilipa kodi ya lupango kwa ile nchi. Kisha tulisikia bunduki, balikuwa basoda ya ONU, ya Umoja wa Mataifa. Mwanzo ya 1963 ile nchi iliisha. Tukarudia Congo. Hatukutoka hapa, unasikia? Minye nilikuwa napika bukari ya unga mu nyungu moja, nchi njo ilikuwa inapita."

Mama Colette alicheka kidogo. Minye sikucheka. Nilikuwa nafikiri: ku masomo nilisoma hii yote. 1908, 1960, 1971. Niliandika ku examen, nikapata points. Sikujua ilikuwa inapita mu lupango yetu.

"Na wembe?" niliuliza.

Nkambo alisukuma makala na kijiti. Makala ilikuwa inalia.

"Mu 1971 nchi ikakuwa Zaïre. Katanga ikakuwa Shaba. Mwaka yenye ilifuata, banasema: majina ya bazungu, hapana tena. Hakuna Mathieu, hakuna Rosalie. Ni ya bankambo tu. Ku kazi balisema kila muntu alete jina mupya siku ya kwanza. Mathieu alichagua Mitonga, jina ya nkambo yake. Jina muzuri. Alikuwa anaipenda. Lakini siku ya mungu alikaa pale ku meza, akatosha livret, na wembe, akaanza kukwangula Mathieu. Nilimuambia: bwana, leka, nani ataingia chini ya kitanda yetu? Akasema: Rosalie, haujue bale batu. Alikwangula mpaka mangaribi. Kisha akanawa mikono mara mingi, mingi. Kama amezika muntu."

Ile moto ya Mama Colette ilishazimika mu kijiko.

"Sikia, Yannick," Mama Colette alisema. "Nkambo yako alikosa juu ya kukwangula. Weye ulikosa juu ya kutunga. Mukanda ya leta ni kama muntu: inavaa nguo ya wakati yake. Hii yenye inasema Congo Belge, ilizaliwa wakati ya Congo Belge, ni sawa. Hii ya Zaïre, sawa. Ukiziweka pamoja, zinasema: hii familia ilikaa hapa bila kutoka, chini ya bendera tano. Hakuna mukanda moja ya propre yenye inaweza kusema vile."

"Na majina mbili?"

"Ku commune kuko registre. Myaka ile yote tuliandika: fulani, jina ya mbele, jina ya sasa. Minye mwenyewe niliandika mingi. Tutaomba extrait, copie ya ile musitari. Kisha munaenda ku tribunal de paix, mbele ya muamuzi, na bashahidi, munaomba mukanda yenye inasema bale bamajina mbili ni muntu mumoja."

"Njo inaisha?"

"Inaanza! Sheria ya 1973 inasema bulongo, hii ardhi yote, ni ya leta. Sisi tuko na haki ya kukaa juu yake, na ile haki inaonekana ku certificat d'enregistrement. Livret ni mulango, haiko nyumba. Mulipashwa kuibadirisha tangu zamani. Na nkambo yako mwanaume alikufa 1999, lupango ingali ku jina yake. Muntu ya kufa haweze kuitika ku bureau. Lazima iandikwe ku jina ya benye bamebakia."

Nilichukua mukanda ya Steve. Niliitia mu mbabula. Ilinuka chai. Mama Colette alipitisha kijiko, akachukua makala mbili juu ya ile moto, akasema: "Aksanti. Sasa moto yako ina faida."

Siku ya ine tulienda tatu: nkambo, mama na minye. Mama Colette alikuya nyuma. Alisema hatasema kitu, atakuya kukaa tu.

Chef ya quartier, Papa Élysée, ni muntu mukubwa na sauti kidogo. Meza yake iko na kilema, inasimama juu ya tofali. Rémy Kabedi alikuwa ameisha kufika, na veste ile ile.

"Kila muntu aonyeshe," chef alisema. "Minye siko tribunal. Nasikiliza, naandika, natuma mbele. Musinipigie kelele."

Rémy aliweka mukanda yake. Chef alisoma, akanipitishia. "Soma, weye wa diplôme."

Nilisoma. Juu: République du Zaïre, Région du Shaba, Ville de Likasi. Chini: siku ya makumi mbili ya mwezi wa tatu, 1969. Jina: Kabedi Éphraïm. Tampon ya violet. Nikaileta karibu na pua. Chai.

Niliangaria Mama Colette. Alikuwa anaangaria dirisha.

"Chef," nilisema, "hii mukanda haiko ya 1969."

Rémy alisimama. "Unanitukana!"

"Hapana, papa. Mu 1969 Zaïre haikuwa. Ilikuya mu 1971, mwezi wa kumi. Shaba pia ilikuya nyuma. Mu 1969 banaandika République Démocratique du Congo. Angaria yetu ya 1967."

"Muntu anaweza kukosea kuandika!"

"Leta inaweza kukosea jina yako. Haiwezi kuandika jina ya nchi yenye haijazaliwa."

Chef aliweka mikanda mbili pamoja, akafunga jicho moja. "Hmm. Na vile uliileta ku pua, unanusa nini?"

Hapa njo ilikuwa nguvu kusema. Ningeweza kunyamaza. Mama alikuwa pale, hakujua kitu juu ya Steve. Lakini nilimuona Rémy. Alikuwa anapangusa meza yenye haina vumbi, kama nkambo vile alipepea moto yenye ilikuwa imeisha kuwaka.

"Ni chai," nilisema. "Banalowesha karatasi mu chai juu ionekane ya zamani. Najua juu minye pia nilifanyisha. Siku ya pili. Téléphone yangu ilibakia kule."

"Ati nini?" mama alisema. "Yannick!"

"Nimeichoma, mama. Tumekuya na ya kweli tu. Iko na mashimo."

Chef aliniangaria murefu. "Ungeiweka ile mukanda juu ya hii meza, leo ungelala pabaya."

"Najua, chef."

Rémy alikaa. Hakuwa tena na sauti ya veste. Alisema: "Bali... balinipatia hii nyuma ya soko. Nilisema jina ya baba, nilisema alikuwa na lupango mu Likasi. Balisema banajua archives. Balinifanya ningoje siku tatu. Balinipatia avenue na numéro."

"Na weye haukujua lupango ya baba yako iko wapi?" mama aliuliza na kasirani.

"Nilikuwa na myaka tano, mama. Mu 1993. Baba na mama balitoka jimbo ya Kasaï zamani, baba alikuwa anatumika ku chemin de fer, kazi ya train. Minye nilizaliwa hapa. Wakati huku balifukuza batu ya Kasaï, banasema ni bageni, tulilala ku gare mwezi mingi, tunangoja train. Mudogo yangu alikufia pale. Mikanda ya baba ilipotea pale pale. Tulifika Mwene-Ditu na nguo ya mugongo. Baba alikufa anasema paka hii tu: lupango yangu, Likasi, muti ya avocat ku mulango. Nikafika kwenu, nikaona avocat."

Mu Likasi avocat iko ku mulango ya nusu ya muji.

Nkambo hakufanya kama bazee benye hawasikie. Alisikia yote. Aliweka fimbo chini.

"Ile gare naijua," alisema. "Siku moja nilipeleka mayi pale, ndoo moja. Siku ya pili balituambia musiende. Sikuenda. Nilifunga mulango. Jirani wetu mwenye alikuwa ananiombaka moto kila asubuhi, alikuwa pale ku gare, na minye nilifunga mulango." Aliokota fimbo yake. "Sikuambia muntu hii. Hata na Mathieu hatukuisemaka."

Chef alikohoa. Kalamu yake haikuandika kitu.

Sasa Mama Colette, yeye mwenye alikuwa anasema hatasema kitu, akaongea.

"Papa Rémy, baba yako aliitwa Kabedi Éphraïm? Wa chemin de fer? Basi eko mu registre. Batu balifukuzwa. Fiche yao hakuna mwenye aliifukuza. Kesho tunaenda na huyu," akanionyesha na kidole, "kuomba extrait ya Banza. Ukuye pia, uombe ya baba yako."

"Na wakinikatalia?"

"Unaandika demande, barua ya kuomba. Wakikatala, unaandika tena. Hivi njo leta: inasikia mwenye anaandika."

Rémy alichukua mukanda yake ya chai. Aliuliza chef: "Naweza kuirudisha kwa aliyeniuzishia?"

"Hapana. Hii inabakia hapa," chef alisema. Akaiweka mu tiroir ya meza. "Yule wa nyuma ya soko, tutaongea naye na bapolisi."

Njo vile tuliendaka ku commune. Haikuwa siku moja. Registre ya zamani ni kubwa kama mulango, na vumbi yake inapigisha chafya. Yule bwana wa bureau alituambia turudie. Tulirudia. Mama Colette alimujua mama yake. Ku mwisho tulikuta fiche: Banza Mathieu, na musitari ya bleu juu ya Mathieu, na pembeni, na mukono ya mwanamuke: Mitonga, 1972.

"Hii ni mukono yangu," Mama Colette alisema. "Nilikuwa mupya ku kazi, mwezi ya kwanza. Angaria R yangu ilikuwa muzuri."

Rémy alikuta yake siku ingine. Kabedi Éphraïm, commune ya Panda, avenue na numéro. Alisoma, akagusa karatasi na kidole moja tu. Alienda Panda kuangaria. Batu bengine banakaa pale myaka makumi tatu. Alituambia hakugonga. Alisimama ku ngambo ya avenue. Avocat iko pale. Sasa eko anatafuta mushauri ku tribunal, juu ya kujua haki yake ni nini, na haki ya bale batu ni nini. Ni mambo nguvu, sitadanganya kusema iliisha. Lakini leo anajua anaomba nini, na wapi. Akipita kwetu anasalimia ku mulango. Nkambo anamukaliza, anamupatia bukari.

Sisi, certificat ilitoka. Iko na jina ya nkambo na ya batoto ya Mathieu. Mikanda tano ya zamani tuliiweka mu sachet ya plastique, na copie kwa Mama Colette, na copie kwa mama ku soko, chini ya samaki. Hatukubandika shimo. Na kwangu minye, batu ya avenue banakuya sasa na maboîte ya biscuit yao, tunatandika kitenge, tunasoma. Banaanza kila siku na kusema: "Hii ya zamani ni ya bure." Minye nasema: "Ngojeni kwanza."

Lakini kabla ya certificat kulikuwa tribunal. Hii njo nilitaka niwaambie.

Chumba ilijaa. Nkambo alivaa kitenge yake ya misa. Greffier, muntu mwenye anaitaka bamajina, alikuwa anasoma mbio mbio. Alisoma Ilunga, Kyungu, akasoma batu yote. Kisha akafika kwetu. Alisoma vile demande iliandikwa, na sauti ya leta, mbele ya muji yote:

"Banza Mathieu!"

Myaka zaidi ya makumi tano leta haikusemaka ile jina. Nilitaka kumuambia greffier huyu alikufa, sisi njo familia. Nkambo alikuwa ameisha kusimama. Bila fimbo.

"Eko," alisema.

Batu balicheka kidogo, kusikia mwanamuke anaitika jina ya mwanaume. Kisha balileka, juu yeye hakucheka. Na greffier alishusha kalamu, akaandika: eko.